Bahari ilipita Kilosa kwa treni, tusiiuze kwa kilo

Hapa Mabwerebwere, wilayani Kilosa, haipiti wiki bila kuwaona vijana wa chuma chakavu. Wanakuja na baiskeli au guta, magunia na mizani ya kuning'iniza. Sufuria lililotoboka, jembe lililokwisha, fremu ya baiskeli, kipande cha mashine ya kusaga: kila kitu kinapandishwa kwenye ndoano, bei inatajwa, mtoto anaondoka na hela ya sukari. Siwalaumu. Ni biashara halali, na nyumba nyingi hununua madaftari ya shule kwa fedha hizo. Kinachonikera ni kwamba hakuna anayeuliza kitu hicho kilitoka wapi na kilifanya kazi gani. Swali ni moja tu, kilo ngapi?

Tabia hiyo haikuanzishwa na vijana wa magunia. Fungua gazeti ukurasa wa zabuni uone taasisi zetu zinavyouza vyombo vilivyochoka, "kama vilivyo na mahali vilipo". Mwenye bei ya juu anapewa wiki kadhaa awe ameviondoa. Huko nako swali ni lile lile.

Msimamo wangu ni huu. Meli na vyombo vya majini vilivyobeba historia ya nchi hii visipimwe kwa kilo. Vikistaafu vivutwe nchi kavu, vipakwe rangi, vifunguliwe milango, na watoto waingie ndani wakashike kwa mikono yao. Tena sisi wa Kilosa, tulio zaidi ya kilomita 200 kutoka baharini, tuna haki ya kudai fungu letu. Nitaeleza kwa nini.

Nyambizi juu ya mchanga

Waliosema tembea uone hawakukosea. Nilikwenda India kumtazama mpwa wangu anayesoma Chuo Kikuu cha Andhra, katika mji wa Visakhapatnam ulio kwenye pwani ya mashariki ya nchi ile. Jumamosi moja akaniambia, "Mjomba, leo twende nikakuonyeshe nyambizi." Iko ufukweni kabisa, juu ya mchanga, kando ya barabara ambako familia hutembea jioni na wachuuzi huchoma mahindi. Inaitwa Kursura. Ilijengwa Umoja wa Kisovieti, ikaingia katika jeshi la majini la India Desemba 1969, ikafanya kazi miaka 31 na kustaafishwa Februari 2001. Mwaka uliofuata ikawa makumbusho.

Ina urefu wa mita 91. Kuitoa majini na kuipandisha ufukweni ilikuwa kazi kubwa na ya gharama, na wapo waliodhani ni wazimu. Leo foleni ya kuingia ina kila aina ya watu: bibi harusi na bwana harusi wanaopiga picha, wazee wenye fimbo, wakulima waliokuja mjini kwa shughuli nyingine, na watoto wa shule waliopangwa mistari miwili huku mwalimu akiwahesabu.

Ndani unapita kwa kuinama. Milango ya kati ya chumba na chumba ni ya duara: unatanguliza mguu, unafuatisha kichwa, na mgongo unagonga chuma hata ukijihadhari. Kila unapogeuka ni mabomba, mageji, nyaya na magurudumu ya valvu yaliyopakwa rangi tofauti. Mle walikaa wanaume zaidi ya 70, wiki hadi wiki, bila jua. Jiko lao ni dogo kuliko kibanda cha mama ntilie. Mbele na nyuma kuna vyumba vya topido, yale makombora yanayokwenda chini ya maji, na vitanda vya mabaharia vimebanwa hapo hapo. Mtu alilala na shehena ya mauti ubavuni.

Mwongozaji wetu alikuwa mwanamaji mstaafu, kama walivyo wenzake wengine pale. Hakutueleza ushujaa kwanza. Aliwasimamisha watoto mbele ya magurudumu ya valvu akawauliza: chuma hiki chote kinaelea kwa sababu gani? Wakanyamaza. Akawaeleza kuhusu matangi yaliyo ubavuni. Ukiyajaza maji, chombo kinakuwa kizito na kuzama. Ukiyasukuma maji nje kwa hewa iliyoshindiliwa, kinaibuka. Mtoto mmoja akaomba azungushe gurudumu, akaruhusiwa. Nadhani yule hataisahau sayansi ile maisha yake yote.

Sisi kanuni ya Archimedes tunaifundisha kidato cha kwanza. Mwanafunzi wa kata yetu anaikariri, anachora kopo la maji na jiwe lililofungwa uzi, anapata alama zake na kuisahau. Halafu siku moja anapanda kivuko Ziwa Victoria au boti ya kwenda Unguja, na hana habari kwamba kuna idadi ya watu ambayo ikizidi chombo hakirudi. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa na abiria zaidi ya mara mbili ya uwezo wake, na zaidi ya watu 220 wakafa wakiwa hatua chache kutoka gatini. MV Bukoba, Mei 1996, iliua mamia. Spice Islander, Septemba 2011, ikaua mamia wengine huko Nungwi. Kila mara tunaunda tume, tunasoma ripoti, tunawazika watu. Lini tutamwingiza mtoto ndani ya meli iliyotulia nchi kavu, tumwonyeshe mstari wa mzigo ubavuni, tumwambie: maji yakifika hapa, shuka?

Meli iliyopita Kilosa ndani ya makasha

Msomaji atasema India wana jeshi kubwa la majini, sisi tuna nini? Tuna vingi kuliko tunavyofundishwa.

Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer, katika mji wa Papenburg nchini Ujerumani, kiliunda meli ya Ziwa Tanganyika. Kilipomaliza kuiunga kikaibomoa tena kipande kwa kipande, kikaifunga katika makasha yapatayo 5,000. Makasha yakasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupakiwa katika treni ya Reli ya Kati, ambayo ilifika Kigoma Februari 1914. Reli hiyo haina njia ya mkato. Ilibidi makasha yapite Morogoro, Kimamba na Kilosa, yafuate bonde la Mto Mkondoa na kupanda kuelekea Gulwe na Dodoma. Wazee wetu waliokuwa vibarua wa reli na wakulima kando ya mataruma waliiona meli ya vita ikipita kabla haijawa meli, ikiwa vipande vya chuma ndani ya makasha juu ya mabehewa. Februari 1915 ikashushwa majini Kigoma kwa jina la Graf von Goetzen.

Si hiyo tu. Juu ya sitaha yake uliwekwa mzinga uliotoka kwenye manowari nyingine, Königsberg, na kisa cha hiyo kingekuwa cha nchi nyingine kingekuwa na filamu tatu na sanamu mbili. Manowari hiyo ilifika Dar es Salaam Juni 1914. Vita vilipoanza ikatoka, na alfajiri ya Septemba 20 mwaka huo ikaizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, iliyokuwa imetia nanga Zanzibar ikitengeneza mitambo yake. Kisha ikajificha katika mikono ya Mto Rufiji, ndani ya mikoko. Mitambo ilikuwa imeharibika. Vipande vikaburutwa na wapagazi kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikaburutwa tena kurudi deltani. Hebu tazama ramani ujue ni umbali gani, kisha ukumbuke kwamba hakukuwa na barabara.

Waingereza walileta manowari mbili zenye tumbo bapa zilizoweza kuingia mtoni, Severn na Mersey, na Julai 11, 1915 Königsberg ikaangamizwa. Lakini Wajerumani waliiopoa mizinga yake 10, wakaipeleka Dar es Salaam na kuifungia magurudumu. Ikawa mizinga ya nchi kavu iliyovutwa na mamia ya watu huku na huko katika Tanganyika. Ule wa Kigoma nao ulipanda treni hii hii ya kwetu. Agosti 1916 vita vikafika Kilosa kwa miguu.

Sasa niambieni masalia hayo yako wapi. Mzinga mmoja wa Königsberg uko Mombasa, kwenye Fort Jesus, pamoja na mzinga wa Pegasus, maadui wawili wakiota jua pamoja. Mwingine uko Pretoria, Afrika Kusini, kwenye makao makuu ya serikali. Na meli yenyewe iliyolala Rufiji? Ilikatwa miaka na miaka kwa ajili ya chuma chakavu, na kilichobaki kikamezwa na tope. Wenzetu wana mizinga. Sisi tulioiburuta tumebaki na tope.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Liemba bado ipo

Graf von Goetzen ndiyo hii tunayoiita MV Liemba. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na Kigoma, lakini mafundi wao waliipaka mitambo grisi nzito kwanza, wakitumaini kurudi. Hawakurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakakuta mitambo bado ni mizima, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya. Tangu hapo imebeba samaki, mahindi, mananasi, wachuuzi, maiti waliorudishwa kwao na wajawazito waliokuwa wakiwahi hospitali. Mwaka 2015, Warundi maelfu kwa maelfu walipokwama Kagunga wakikimbia machafuko, ni Liemba iliyokuwa ikienda na kurudi kuwachukua hadi Kigoma. Vyombo vya umri wake vilivyobaki vikifanya kazi duniani ni vichache mno.

Mkataba wa kuikarabati ulishatiwa saini, nami naunga mkono. Vijiji vya mwambao wa Tanganyika vinahitaji usafiri kabla ya kuhitaji makumbusho, na meli inayokwenda ni bora kuliko meli inayotazamwa. Lakini mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Siku itafika ambapo hakuna fundi atakayeweza kuirudisha majini. Siku hiyo nani ataamua? Mhasibu mwenye orodha ya mali zilizochakaa, au Mtanzania anayejua kilichopita juu ya sitaha ile?

Waliozama Februari 1944

Kuna hoja huwa naisikia kila ninapogusa jambo hili: hivyo vilikuwa vita vya wakoloni, vinatuhusu nini? Wenye hoja hiyo nawapa kisa kimoja.

Februari 5, 1944 meli ya abiria Khedive Ismail iling'oa nanga Mombasa kwenda Colombo. Ilibeba watu 1,511. Karibu 1,000 kati yao walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, askari kutoka makoloni ya huku kwetu na maofisa wao Waingereza. Walikuwamo pia wauguzi. Siku saba baadaye, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Japani iliyoitwa I-27 ikaipiga topido mbili. Ndani ya dakika chache meli ilikuwa chini. Nyambizi ikajificha chini ya watu waliokuwa wakielea, na manowari za Kiingereza, zikiogopa isije ikazizamisha meli nyingine za msafara, zikaangusha mabomu ya majini hapo hapo walipokuwa wakiogelea watu wao. Walikufa watu 1,297. Walionusurika ni 214.

Ni vifo vingi kuliko vya ajali nyingi za majini tunazoziombolezea kila mwaka. Lakini ni mwalimu gani wa historia amewahi kukutajia? Katika nyumba ngapi za Afrika Mashariki kulikuwa na mama aliyesubiri barua hadi akaacha kusubiri? Vijana wale hawakujua Japani iko wapi. Walikufa kwa silaha ya aina ile ile niliyoisogelea pale ufukweni nikaigusa kwa kiganja, ikiwa imepakwa rangi na kufungwa mnyororo ili watoto wasiipande.

Ndiyo maana sitaki tuige makumbusho ya wenzetu jinsi yalivyo. Pale Visakhapatnam habari za ushindi ni nyingi na za waliokufa ni chache. Ufuko huo huo una mnara wa ushindi wa mwaka 1971, na nje kidogo ya bandari imelala nyambizi ya Pakistani, Ghazi, iliyozama Desemba ya mwaka huo na kila aliyekuwamo. Mgeni anaweza kumaliza ziara akadhani vita ni mashine tu. Makumbusho yetu yaanze na mpagazi, yule asiyeandikwa jina, aliyeburuta bomba la manowari kutoka Rufiji kwa ujira wa kibaba. Sanamu ya nahodha iwekwe nyuma yake.

Watu wana njaa, wewe unaleta meli?

Swali hili ni zito na silikimbii. Katika wilaya hii Mkondoa ukifurika unachukua mashamba na reli. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yaliacha watu kambini na treni zikasimama. Zahanati zina upungufu, madawati pia. Mtu akisimama kwenye mkutano wa kijiji akazungumzia meli kuukuu, atazomewa, na wanaozomea watakuwa na sababu.

Lakini mbona hatuzomei Mikumi? Hifadhi ile ilitangazwa mwaka 1964, nchi ikiwa changa na maskini kuliko leo. Wangeweza kusema watu wana njaa, wanyama waliwe na ardhi ilimwe. Hawakusema hivyo, na leo kuna muuza mahindi, dereva, mhudumu wa hoteli na fundi pancha pale Mikumi mjini wanaolisha watoto kwa sababu ya uamuzi ule. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Meli iliyohifadhiwa Kigoma ingewapa kazi mabaharia wastaafu ambao leo wanakaa barazani wakisimulia bure.

Nakubali pia kwamba kuhifadhi bila kutunza ni kujidanganya. Beit al-Ajaib ya Zanzibar ilikuwa na makumbusho ndani, pamoja na mtepe mzima ulioshonwa kwa kamba jinsi walivyoshona wahenga wa pwani. Desemba 25, 2020 sehemu ya jengo ikaporomoka na kuua mafundi waliokuwa kazini. Kufungua mlango na kukata utepe ni kazi ya saa moja. Kulipa mlinzi, kupaka rangi ya kuzuia kutu na kuziba paa ni kazi ya kila mwaka, na fungu lake lazima litajwe tangu mwanzo.

Kwa Kilosa sihitaji meli. Nahitaji behewa moja. Tangu reli mpya ya SGR ianze kazi mwaka 2024, macho yote yamehamia kwenye mahandaki na treni za umeme, na stesheni ya zamani ya Kilosa imepungua kelele. Shirika la Reli litoe behewa moja kuukuu la mizigo, lisimamishwe kwenye njia ya pembeni, lifungwe ngazi ya mbao. Ndani ziwekwe picha za makasha ya Graf von Goetzen, ramani ya safari ya mizinga, mfano wa meli wa kuelea kwenye tangi la maji ambao mtoto anaweza kuupakia mawe hadi uzame, na habari za Khedive Ismail. Mwanafunzi wa Mabwerebwere aende asubuhi na arudi mchana kula nyumbani. Leo ziara ya shule kwenda Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam ni mchango ambao wazazi wengi huku hawaumudu, hivyo wanaokwenda ni wale wale kila mwaka na wengine hubaki wakiwasubiri wasimulie.

Sheria inasemaje

Wapo watakaosema masalia yanalindwa tayari. Si yote. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 na majengo ya kabla ya 1886. Meli iliyoundwa 1913, stesheni ya reli ya Mjerumani, mzinga wa 1915, vyote viko nje ya miaka hiyo. Vinaweza kulindwa, lakini hadi Waziri mwenye dhamana avitangaze. Asipovitangaza, kwa sheria ni mali iliyochakaa kama meza ya ofisini.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na lina anwani. Wizara ya Maliasili na Utalii iitangaze MV Liemba kuwa urithi unaolindwa sasa, ingali hai, kabla haijafika kwenye ukurasa wa zabuni. Iweke pia utaratibu kwamba meli yoyote ya umma iliyofikisha miaka 50 isiuzwe hadi Mambo ya Kale wameikagua na kuandika wameona nini. Madiwani na wabunge wetu wa Kilosa na Mikumi walibebe suala la behewa, kwa kuwa hilo halihitaji mkopo wa nje. Mheshimiwa Waziri, kalamu ni yako, na tangazo moja katika Gazeti la Serikali linatosha kuanzia.